Viska, catlu, zgana au ganse: kuchagua neno la kuona na kutazama katika Lojban

Jioni ya tarehe 29 Shaabani, jua likishazama, watu husimama ufukweni nyuso zimeelekea magharibi. Wote wanatazama, na wengi wao hawaoni kitu. Mmoja hunyosha kidole akasema, "Ule pale, juu kidogo ya lile wingu," na aliye ubavuni pake hukaza macho mpaka yakamlenga machozi, asiuone; lakini akifika nyumbani huwaambia watoto kwamba mwezi umeandama. Nimesimama katika kundi hilo mara nyingi, na mara nyingi nimekuwa yule wa ubavuni. Nilipoanza kujifunza Lojban ndipo nilipotambua kwamba kisa hicho kifupi kina matendo manne au matano yaliyo mbalimbali, na kwamba lugha hiyo ina neno kwa kila moja.

Makala haya ni kwa msomaji aliyekwisha kuanza kujifunza Lojban, akajikuta amekwama kati ya maneno manne: viska, catlu, zgana na ganse. Kamusi huyaeleza kwa tafsiri zinazokaribiana mno, na mwanafunzi huishia kutumia lile alilolijua kwanza kwa kila jambo. Nitayalinganisha kwa vigezo vilevile, kisha nitagusa jvinu, simlu na neno dogo za'a, kwa sababu kazi nyingi ambazo Mswahili huzitwika "kuona" zinaangukia huko.

Kwa asiyeifahamu, Lojban ni lugha ya kubuni iliyoanzishwa mwaka 1987 na Logical Language Group kwa kufuata misingi ya Loglan, lugha ambayo James Cooke Brown alianza kuitengeneza mwaka 1955. Sarufi yake kamili ilichapishwa mwaka 1997. Msamiati wake umejengwa juu ya mizizi zaidi ya 1,300 iitwayo gismu, kila mmoja una herufi tano, na kila mmoja umepangiwa nafasi zake: kwa mfano, ya kwanza ni ya nani, ya pili ni ya nini, ya tatu ni ya hali gani, na kuendelea. Matamshi hayamsumbui sana Mswahili, kwa kuwa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwetu. Akumbuke tu kwamba c husomwa sh, kwa hiyo catlu hutamkwa "shatlu", na kwamba ritifaa katikati ya neno hutamkwa h, kwa hiyo za'a ni "zaha". Neno la nafsi ya kwanza ni mi, kama vile tusemavyo "mi nakwenda", na la nafsi ya pili ni do.

Mzigo tunaokuja nao

Kabla ya kulinganisha maneno ya Lojban yafaa tuukague mzigo wetu wenyewe. Kitenzi "kuona" katika Kiswahili ni kipana sana. Tunaona mtu njiani, lakini pia tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona aibu na tunaona uchungu. Tukisema "naona twende sasa hivi," hatuzungumzii macho hata kidogo, bali tunatoa rai. "Naona umechoka" huchanganya jicho na hitimisho. "Nimekwenda kuonana na daktari" maana yake ni kukutana naye. Kauli ya "kuonekana" nayo ina maana mbili zisizofanana: mwezi umeonekana, yaani kuna mtu aliyeuona; na mtoto anaonekana mgonjwa, yaani dalili zake zinaelekea huko ingawa huenda ni mzima.

"Kuangalia" nako hakuko nyuma. Mama anayemwomba jirani, "Niangalizie mtoto, nafika dukani," haombi mtoto atazamwe, anaomba atunzwe. "Angalia, gari!" ni onyo. Lojban hugawa haya yote. Kumtunza mtoto ni kurji, na mi kurji lo verba haina jicho ndani yake. Njaa ni xagji, uchungu wa mwili ni cortu, aibu ni ckeji, na kukutana ni penmi. Rai ina mzizi wake, jinvi, na pia ina neno dogo pe'i linalotangulia sentensi. Mtu akishayaondoa haya kwenye kapu la "kuona", yanayobaki yanahusu hisi kweli, na hapo ndipo uchaguzi mgumu unapoanza.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne, na nitavifuata kwa kila neno. Cha kwanza ni nia: je, mtendaji ameelekeza hisi zake kwa makusudi, au jambo limemjia tu? Cha pili ni matokeo: je, neno linaahidi kwamba kitu kimefika kwenye hisi zake, au linabaki kwenye juhudi? Cha tatu ni kiungo: je, ni jicho peke yake, au hata sikio, pua na ngozi? Cha nne ni nafasi: neno lina nafasi ngapi, na nini kinaruhusiwa kuwekwa katika nafasi ya pili? Kigezo hiki cha mwisho hupuuzwa na wanaoanza, ilhali ndicho kinachokosesha watu kuliko vyote, kwa kuwa katika Lojban neno lililoeleweka vizuri bado linaweza kuharibiwa na kijazo kisicho chake.

Viska

*Nia.* Haihitajiki. Anayefungua dirisha akakutana na paka ukutani ameshafanya viska, hata kama alikuwa anatafuta upepo.

*Matokeo.* Hapa ndipo penye moyo wa neno hili. Ukisema mi viska lo lunra, umedai kwamba mwezi umefika machoni pako. Huwezi kuongeza "lakini sikuuona" bila kujipinga. Ndiyo maana viska hukaa vizuri na maneno madogo ya wakati na uwezo: mi co'a viska lo lunra hueleza ile nukta ambapo uzi mwembamba wa mwezi unajitenga na mwanga wa magharibi na jicho linaunasa kwa mara ya kwanza, maana co'a ni mwanzo wa tendo. Mi na viska ni "sioni", kwa sasa, pengine kwa sababu ya wingu. Mi na ka'e viska ni kauli nzito zaidi: sina uwezo wa kuona. Kiswahili husema "sioni" kwa yote mawili, na msikilizaji huachiwa kazi ya kupambanua kati ya kipofu na mtu aliyezibwa na nguzo.

*Kiungo.* Jicho peke yake. Kusikia kuna mzizi wake, tirna, na kunusa kuna sumne.

*Nafasi.* Ziko tatu: anayeona, kinachoonwa, na hali ambayo kuona kunafanyika. Nafasi ya tatu ni zawadi ambayo wengi hawaifungui. Mi viska do lo nu manku ni "nakuona gizani", na giza limo ndani ya neno lenyewe bila kuhitaji kiunganishi cha ziada. Katika nafasi ya pili unaweza kuweka kitu, kama lo lunra, au tukio, kwa kutumia lo nu: mi pu viska lo nu lo cipni cu vofli, "nilimwona ndege akiruka". Kisichofaa, kwa maoni yangu, ni kuweka hapo ukweli kwa lo du'u. Ukweli hujulikana, hauonwi. Mswahili anayetafsiri "naona kwamba umechoka" neno kwa neno huangukia shimo hili moja kwa moja, na nitalirudia nikifika kwenye za'a.

*Linamfaa nani.* Anayetoa ushahidi, anayesimulia alichokutana nacho, na yeyote anayetaka kusisitiza kwamba kitu kilionekana kweli. Kwa kugeuza nafasi kwa se, hupatikana lo se viska, "kinachoonwa", ambalo ni umbo la lazima kwa mwandishi wa habari.

Catlu

*Nia.* Ndiyo msingi wake. Catlu ni kutazama, kuangalia, kukagua kwa macho, kukazia jicho. Mtendaji ameyaelekeza macho yake mahali fulani kwa kutaka.

*Matokeo.* Hayaahidiwi. Sentensi ninayoipenda kuliko zote katika mada hii ni fupi: mi catlu gi'e na viska, "natazama wala sioni". Kiswahili kinaweza kuisema hiyo vilevile, na vizuri sana, kwa kuwa tofauti ya kuona na kutazama ni yetu pia. Hili ni jambo la kumpa moyo mwanafunzi: jozi ya viska na catlu ndiyo iliyo karibu zaidi na hisia yake ya lugha.

Lakini kuna tahadhari moja. Yule wa ubavuni pale ufukweni, je, anatazama mwezi? Kwa Kiswahili tutasema ndiyo, "wanatazama mwezi", kwa maana ya kuutafuta. Kwa Lojban ningejihadhari. Kilicho mbele ya macho yake ni anga, si mwezi, na sentensi ya haki kwake ni mi catlu lo tsani gi'e na viska lo lunra, "natazama anga wala siuoni mwezi". Akitaka kusema anautafuta, kuna mzizi mwingine, sisku, ambao nao una masharti yake, kwa sababu nafasi yake ya pili haihitaji kitu bali sifa inayotafutwa. Catlu si neno la kutafuta, hata kama katika sentensi zetu kutazama na kutafuta hutembea pamoja.

*Kiungo.* Jicho. Inafaa kuona jinsi lugha hii isivyolingana hapa: kwa jicho kuna mizizi miwili iliyo kamili, mmoja wa kupokea na mmoja wa kuelekeza, ilhali kwa sikio kuna mzizi mmoja tu, tirna, na "kusikiliza" huundwa kwa kuuunganisha na jundi, "kuzingatia", ikawa tinju'i. Msomaji anayezijua jozi zetu mbili, kusikia na kusikiliza, kuona na kutazama, asitegemee kuzikuta zimejengwa kwa mtindo mmoja.

*Nafasi.* Ni mbili tu, anayetazama na kinachotazamwa. Kwa hiyo hali na chombo havimo ndani, na ukivihitaji huna budi kuvileta kwa maneno madogo yake: mi catlu do va'o lo nu manku kwa giza, mi catlu lo lunra sepi'o lo lenjo kwa lenzi. Anayehamisha nafasi ya tatu ya viska na kuibandika kwenye catlu hutoa sentensi ambayo msomaji makini hataweza kuifasiri.

Kwa upande mwingine, catlu hupokea maelezo ya namna kwa urahisi mkubwa. Mi sutra catlu do ni kukutupia jicho. Mi ze'u catlu lo tsani ni kulitazama anga kwa muda mrefu, jinsi mzee anayekaa barazani anavyosoma mawingu kabla ya mvua za masika. Vitenzi vyetu vya namna, kama kuchungulia na kukodoa macho, mara nyingi hupata njia hapa.

*Linamfaa nani.* Anayetoa maelekezo, kwanza kabisa. Ko catlu ti, "tazama hiki", ni amri ya haki, kwa maana kuelekeza macho kumo katika uwezo wa anayeamrishwa. Ko viska ti si kosa la sarufi, lakini inamwamuru mtu apate matokeo, na inafaa tu pale unapomtaka ahakikishe kwamba ameona. Pia linamfaa msimulizi wa juhudi ambazo bado hazijazaa kitu.

Zgana

Hili ndilo neno ninaloona linaonewa zaidi, kwa maana wanafunzi hulitumia ama kama viska yenye heshima ama hawalitumii kabisa.

*Nia.* Ipo, lakini ni ya utulivu. Anayefanya zgana anazingatia bila kuingilia. Yuko macho, anasubiri jambo lijioneshe.

*Matokeo.* Yapo. Ukisema umefanya zgana, kuna kilichokufikia.

*Kiungo.* Chochote, na hapa ndipo linapoachana na mawili ya kwanza. Fundi wa magari niliyemzoea huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa injini inayounguruma, akabandika sikio kwenye mpini, akafumba macho. Hasemi neno kwa dakika nzima. Kisha anainuka na kutaja beringi iliyochoka. Hakuona kitu, wala hakutazama kitu, macho yenyewe yalikuwa yamefumbwa, lakini alichokifanya ni zgana kwa ukamilifu wake. Kwa Lojban angeweza kusema mi zgana lo matra lo kerlo: mimi, injini, kwa sikio. Akiweka kiganja kwenye injini badala ya sikio, kitenzi kinabaki kilekile na kinachobadilika ni nafasi ya tatu.

*Nafasi.* Ni nne: anayeshuhudia, kinachoshuhudiwa, hisi au njia inayotumika, na hali. Utajiri huo ndio sababu ya kulichagua neno hili. Viska tayari ina jicho ndani yake na haikuachii nafasi ya kueleza njia. Zgana inakutaka useme, au angalau inakukumbusha kwamba hujasema. Katika nafasi ya pili matukio hukaa vizuri, kwa hiyo mtu anayefuatilia mchezo uwanjani anaweza kusema mi zgana lo nu kelci, na sentensi hiyo hubeba makelele na macho kwa pamoja.

*Linamfaa nani.* Mtafiti, mtazamaji wa ndege, muuguzi anayefuatilia hali ya mgonjwa usiku, fundi, na kila anayetaka kueleza ushuhuda wenye subira. Halimfai anayetaka kusema tu kwamba ameliona basi likipita. Kwa huyo litakuwa zito mno.

Ganse

*Nia* haipo, au haihesabiwi. *Matokeo* yapo kwa lazima. *Kiungo* ni chochote. Mpaka hapo linafanana na viska iliyofunguliwa milango ya hisi zote, na wengi hulielewa hivyo.

*Nafasi* ndizo zinazolitenga. Ziko nne kama za zgana, lakini ya pili haichukui kitu, inachukua sifa: hujitokeza kwa lo ka. Mi ganse lo ka glare ni "nahisi joto", au kwa usemi wetu wa kila siku, "naona joto". Joto hapo si kitu kilicho mbele yangu bali ni sifa inayonigusa. Kwa sababu hiyo ganse ndiyo inayopokea sehemu nzuri ya "kuona" isiyo ya macho: kuona baridi, kuona ubichi wa ukuta kwa kiganja, kuona harufu ya moshi kabla hujajua unatoka wapi. Ukijaribu kusema mi ganse lo lunra, unaweka kitu mahali pa sifa, na kosa hilo hujirudia sana kwa sababu maelezo mafupi ya kamusi hayalitilii mkazo.

*Linamfaa nani.* Anayeeleza kile mwili ulichopokea kabla ya akili kukipa jina. Mwandishi wa hadithi atalihitaji mara nyingi kuliko mwandishi wa ripoti.

Yanayoegemea upande wa kinachoonwa

Maneno manne yaliyotangulia yote humweka mwenye hisi katika nafasi ya kwanza. Yapo mengine mawili yanayomsogeza nyuma. Jvinu si tendo, ni mandhari: nafasi ya kwanza ni sura inayoonekana, ya pili ni kitu au mahali panapoonekana, ya tatu ni pale unapotazamia. Lo jvinu be lo cmana bei lo zdani ni mandhari ya mlima kutokea nyumbani. Aliyekaa Moshi anajua kwamba mlima uleule hautoi sura moja kwa kila kiambaza, na jvinu ina nafasi kwa ajili ya ukweli huo.

Simlu ndiyo dawa ya utata wa "kuonekana". Nafasi zake ni kinachoonekana kuwa hivi, sifa inayodhaniwa, anayeona hivyo, na hali. "Unaonekana umechoka" ni do simlu lo ka tatpi. Ukitaka kuongeza kwamba ni machoni pangu, ni lazima uifunge sifa kwanza kwa kei: do simlu lo ka tatpi kei mi. Ukiisahau kei, mi huingia ndani ya tatpi, na sentensi hugeuka kuwa "unaonekana umechoshwa nami", jambo ambalo huenda ni kweli lakini hukukusudia kulisema. Kwa mwezi ulioonwa, kinyume chake, unahitaji lo lunra cu se viska. Mtu akizitenganisha simlu na se viska, amepata faida ambayo hata Kiswahili chake kitanufaika nayo.

Za'a, pale ambapo hakuhitajiki kitenzi

Sasa turudi kwa "naona umechoka". Anayesema hivi kwa Kiswahili hamwelezi mwenzake habari za macho yake. Anamweleza kwamba amechoka, na anaongeza chanzo cha kauli hiyo. Lojban ina kundi la maneno madogo kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Za'a do tatpi: umechoka, nami nimeshuhudia. Ti'e do tatpi: umechoka, nimesikia kwa watu. Ja'o do tatpi: umechoka, nimehitimisha. Pe'i do tatpi: umechoka, kwa rai yangu. Kiini cha sentensi hakibadiliki, kinachobadilika ni mzizi wa uhakika wake.

Kikumbusho cha za'a, yaani mzizi ambao neno hilo dogo limehusishwa nao ili likumbukwe, ni zgana, si viska, na hilo si la bahati. Za'a haihitaji jicho. Aliyesikia sauti ya mwenzake simuni, nzito na ya kuvuta, anaweza kusema za'a do tatpi bila uongo. Kikumbusho cha ti'e nacho ni tirna, kusikia, lakini hapa ni kusikia habari, si kusikia sauti. Usiliweke neno hili pale uliposikia kishindo kwa masikio yako mwenyewe.

Za'a ikilinganishwa na vitenzi vyetu vinne ina ufupi na haibadilishi muundo wa sentensi. Haina, kwa upande mwingine, nafasi ya kueleza nani ameshuhudia, kwa kuwa huwa ni msemaji. Ukitaka kusema kwamba dada yako ndiye aliyeshuhudia, huna njia ila kurudi kwenye zgana au viska.

Na iko njia fupi kuliko zote: kuacha nafasi ya kwanza wazi na kutamka neno peke yake. Aliyenyosha kidole pale ufukweni angesema tu lunra, kama vile anayepiga ukelele wa moto angesema fagri. Sentensi ya namna hii huvuta macho ya wasikilizaji kwenye kilichopo, na kuona kwenyewe hakutajwi kwa sababu kumekwisha kueleweka.

Uchague lipi kwa hali yako

Ikiwa ndiyo kwanza unaanza, shikilia viska na catlu kwa miezi michache, na kila unapoandika "kuona" au "kutazama" jaribu kuongeza mwishoni "lakini sikuona kitu". Sentensi ikibaki na maana, neno lako ni catlu. Ikijipinga, ni viska. Jaribio hili halitakusaidia kwa zgana na ganse, lakini mwanzoni huyahitaji sana.

Ikiwa unatafsiri hadithi kutoka Kiswahili, usianze na kitenzi. Anza na swali la nani anabeba uzito wa sentensi. "Aliona wivu" na "aliona kiza" hazistahili hata mmoja wa mizizi hii bila kufikiriwa upya: ya kwanza ni hisia ya moyo, ya pili yaweza kuwa macho kweli au kizunguzungu, na muktadha ndio utakaoamua kama ni viska, ganse au neno la mbali kabisa. "Tutaonana" ya kuagana ni co'o tu, lakini "tutaonana kesho" yenye miadi ndani yake ni mi ba penmi do ca lo bavlamdei.

Ikiwa unaandika maelezo ya uchunguzi, ya maabara, ya shamba au ya wodini, chukua zgana na ujaze nafasi ya tatu kila mara, hata pale inapokuwa dhahiri. Msomaji wako atataka kujua kama ulipima kwa jicho, kwa mkono au kwa kifaa. Pale ulipochambua kwa hatua na mbinu, acha zgana na uchukue lanli, ambayo ni ya kuchanganua.

Ikiwa unatoa maelekezo ya kazi, amri zako ziwe za catlu, na kwa jambo la hatari ziwe za jundi, ko jundi, kwa kuwa "angalia!" ya dereva wa bodaboda haimtaki mtu atazame bali azinduke.

Ikiwa unaandika mashairi au maelezo ya safari, mpe nafasi jvinu, na uache sentensi nyingine bila nafasi ya kwanza. Mtindo huo huleta vitu mbele ya msomaji bila kumkumbusha kila mara kwamba kuna mtu anayevitazama.

Na ikiwa unapeleka habari ya mwandamo nyumbani, neno lako litategemea uliposimama. Uliyeuona useme mi pu viska lo lunra, na ukitaka uongeze hali ya anga katika nafasi ya tatu. Uliyesimama ubavuni ukatazama mpaka machozi yakakulenga, useme ti'e lo lunra pu se viska, na za'a umwachie aliyenyosha kidole.